Bati la Kushoto

Jikoni, Nyumba ya Wazee
Jumanne, 3 Februari

Mdogo wangu Bisibisi,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Tangu uliponikatia simu mwezi wa Novemba, ulipokuwa likizo, tumekuwa kama watu waliopishana sokoni, kila mmoja na kapu lake. Najua huko kambini kwenye mitambo ya gesi simu mnaziacha getini kwa kuhofia mlipuko, kwa hiyo hata ningetaka kukupigia nisingekupata. Nimeambiwa lori la mizigo linatoka hapa mjini kila Jumatano na kurudi Jumamosi, na dereva wake hapotezi barua. Basi nakuandikia. Yale maneno yako kwamba kumleta Mama akae humu Nyumba ya Wazee ni kumtupa kwa watu baki nimeyaweka pembeni. Sijayasahau, nimeyaweka pembeni tu.

Shida yangu ni mashine ya kuoshea vyombo, ileile uliyotutengenezea mwezi wa Juni kabla hujaondoka. Haipashi maji. Zamani sahani zilitoka zinafuka mvuke, nikizishika zinaniunguza vidole, na kabla sijamaliza kuzipanga zilikuwa zimeshakauka zenyewe. Sasa zinatoka zimelowa, uvuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto, na ukipitisha kidole kinarudi na mafuta. Bilauri zina ukungu. Lakini taa ya kijani inawaka kama kawaida! Na ni wewe uliyeniambia, umesimama palepale na kitambaa chako begani: "Dada, ukiona kijani ujue maji yamefika digrii 82, na vijidudu vyote kwisha habari yao."

Sasa sikia linaloninyima raha. Wiki ya pili hii wazee wanaumwa matumbo. Walianza watatu wa ukumbi wa chini, leo wamefika saba. Mpishi anasema chakula chake hakina kasoro, na kila akisema hivyo ananitazama mimi. Matroni hataki kuita fundi wa mjini. Anasema aite mgeni wa nini, wakati aliyeitengeneza ni wa kwetu na yeye mwenyewe alimwandikia barua ya sifa? Kwa hiyo nimetumwa kwako.

Niambie nifanye nini, hatua kwa hatua, kama unavyomwelekeza mtu asiyejua kitu. Mikono ninayo, na miaka tisa nimeshinda jikoni humu.

Mama mzima. Anakaa dirishani karibu na jiko anawaambia wageni kwamba mashine hiyo inayonguruma imetengenezwa na mwanawe. Mimi ninayeilisha vyombo mara tisa kwa siku sitajwi.

Dada yako

*

Kambini
Alhamisi, 5 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa. Nimefurahi umeandika. Ya Novemba tusameheane, nilikuwa na uchovu.

Sasa ondoa hofu. Mashine za namna hiyo zina ugonjwa mmoja mkubwa, ukoko. Maji ya hapo kwetu yana chokaa nyingi. Chokaa inaganda juu ya koili, yaani zile fimbo za chuma zinazopasha maji, na koili iliyovaa koti la chokaa haiwezi kupasha kitu. Fanya hivi. Kwanza zima mashine, toa chujio la chini ulisugue kwa brashi. Pili, toa ile mikono miwili inayozunguka na kurusha maji, uzibue vitundu vyake kwa kijiti, kimoja kimoja. Tatu, mimina lita mbili za siki ndani, iendeshe tupu bila vyombo, mara tatu. Nne, hakikisha bomba la maji moto linaloingia kwenye mashine limefunguliwa mpaka mwisho, si nusu. Tano, usiijaze vyombo mpaka vibanane, maji yanahitaji pa kupita.

Upande wa kushoto kuna bati lenye skrubu nne. Hilo usilifungue. Nyuma yake kuna umeme mkubwa, utakurusha mpaka chumbani kwa Mama. Nakukataza kama mtu wa fani, si kama mdogo wako.

Huku kazi inakwenda vizuri. Mwezi ujao wananithibitisha, nitakuwa mkuu wa zamu ya maboila ya mvuke. Ile barua ya Matroni ndiyo iliyonifungulia mlango, wakubwa hapa wanaitaja mpaka leo. Mwambie Mama nimenenepa.

Mdogo wako

*

Jikoni
Jumanne, 10 Februari

Mdogo wangu,

Nimefanya yote matano. Chujio nimelisugua mpaka linang'aa. Vitundu vya mikono nimevizibua, nikatoa mbegu za ndimu, nyuzi za nyama, na jino la bandia ambalo mzee wa chumba cha sita alikuwa anamshtaki jirani yake kwamba ameliiba tangu Krismasi. Walipatanishwa jana. Hilo ndilo jema pekee lililotoka kwenye mashine hii mwaka huu.

Siki nimeiendesha mara tatu, jiko zima limenuka achari. Ukoko umetoka, vipande kama maganda ya mayai, nikafurahi, nikasema Bisibisi ana akili. Bomba limefunguliwa mpaka mwisho. Nikaweka vyombo nusu tu. Taa ikawaka kijani. Nikafungua, sahani uvuguvugu.

Ndipo nikaazima kipimajoto cha mpishi, kile cha kuchomeka kwenye nyama, nikakitia kwenye maji mara tu taa ilipowaka. Digrii 43. Nikarudia mara nne nikidhani nimekosea kusoma. 43, 44, 43, 43.

Sasa nakuuliza, na unijibu kwa sababu wewe ndiye fundi. Taa inawezaje kuwaka kijani maji yakiwa 43? Mashine inatakiwa ingoje mpaka maji yapate moto ndipo isuuze. Kabla hujaitengeneza ilikuwa inangoja, tena inangoja mpaka nalia. Sasa haingoji kitu. Nakumbuka ulimaliza kazi kwa saa moja tu. Nakumbuka ulinituma nyumbani kukuletea kopo la uzi wa Baba wa kushonea viatu, nilipolileta ukanituma tena chai, na niliporudi na chai bati lilikuwa limeshafungwa.

Nakuuliza kwa sababu ya daftari. Kuna daftari la joto hapa, lazima liandikwe kila siku, asubuhi, mchana na jioni. Miezi minane nimeandika 82, 82, 82, na sahihi yangu pembeni, kwa kuwa uliniambia kijani ni 82. Kipimo changu kilikuwa neno lako. Jana Matroni amelichukua daftari na kulifungia kabatini. Matroni akinyamaza ujue ameshaamua.

Wagonjwa ni kumi na moja. Mmoja ni yule mwalimu mstaafu niliyekusimulia, anayerudisha sahani yake dirishani mwenyewe na kuniambia, "Asante, mkuu wa idara ya maji." Tangu Ijumaa hajarudisha sahani. Wanampelekea uji kitandani na hauendi.

Mama yeye hajaumwa, chai yake namchemshia mimi na kikombe chake nakiosha pembeni. Unaona nilivyo? Nilishaanza kuiogopa mashine kabla sijakubali kwamba naiogopa.

Nijibu upesi.

Dada yako

*

Kambini
Alhamisi, 19 Februari

Dada,

Shikamoo. Samahani, lori la wiki iliyopita liliniacha, tulikuwa na kazi nyingi.

Kipimajoto cha nyama kazi yake ni nyama. Usikitumie kwenye maji halafu ukajitia presha. Pia ukifungua mlango maji yanapoa palepale, kwa hiyo ulichopima si kile kilichokuwa ndani. Taa iko sawa. Taa haina ubongo, haiwezi kudanganya.

Sikulaumu, Dada, lakini tuambizane ukweli kama ndugu. Wewe una haraka. Mwezi wa Juni ulikuwa unanililia kwamba mashine inakuchelewesha, Mama yuko nyumbani peke yake mpaka giza, nifanye lolote. Pengine hata sasa unafungua mlango kabla haijamaliza. Pengine hao wasaidizi wako wanaipunja sabuni. Pengine ni maji ya kisima, au ni huo uji wenyewe. Kwa nini kila mtu anaikimbilia mashine?

Kwa sasa fanya hivi, chemsha maji kwenye sufuria kubwa na uyamwagie vyombo vikishatoka. Na mshauri Matroni anunue mashine mpya, ile imezeeka.

Jambo moja la mwisho. Nasikia kukiwa na wagonjwa wengi huwa anakuja mkaguzi wa afya. Akija, hakuna haja ya kunitaja. Si kwa ubaya. Huku uthibitisho wangu uko mezani, na jina likitajwa mahali pabaya hata bila kosa linachafuka. Wewe una miaka tisa hapo, wanakujua.

Bati la kushoto nimeshakwambia.

Mdogo wako

*

Jikoni
Jumanne, 3 Machi

Bisibisi,

Mwalimu amefariki. Ni Alhamisi iliyopita, asubuhi, wakati wa kugawa chai. Nilikuwa nimeshamwekea kikombe chake kwenye sinia. Mwanawe alikuja kuchukua vitu vyake, akapita dirishani kwangu, akanishukuru kwa kumtunza baba yake. Alinishika mikono yote miwili. Mikono hii hii.

Jioni ya siku hiyo nilishusha swichi kubwa ya umeme wa jiko zima, nikachukua bisibisi ya mpishi, nikafungua bati la kushoto. Skrubu nne, kama ulivyosema. Sikurushwa popote.

Sijasomea umeme, lakini nimekushikia tochi tangu una miaka kumi, najua waya unatoka wapi na unatakiwa uende wapi. Kuna kile kikopo kidogo cha shaba, themostati, kinachopima maji na kuiambia mashine ngoja, bado. Waya zake mbili umezitoa, umezikutanisha zenyewe kwa zenyewe. Mashine tangu Juni inaamini maji yamechemka. Ungeijaza barafu, taa ingewaka kijani. Na koili ziko tatu, mbili zimeungua nyeusi tii. Moja tu ndiyo inahangaika.

Nilitamani awe ni mtu mwingine. Nilisema labda alipita fundi wakati wa likizo yangu. Lakini juu ya zile waya kuna uzi wa nta, umezungushwa mara mbili, fundo, kisha mara moja tena, na ncha imefichwa chini. Hakuna fundi umeme anayefunga waya kwa uzi wa viatu. Ni watoto wa fundi viatu mmoja tu duniani wanaofunga hivyo, na wako wawili, na mmoja ndiye mimi.

Uzi wenyewe nilikuletea mimi. Ulinituma nami nikakimbia.

Halafu ukanipiga danadana mwezi mzima! Siki. Vijiti. Kipimajoto cha nyama. Nikachokonoa vitundu mia moja na ishirini nimepiga magoti, na wewe umekaa huko unajua. Mwalimu alikuwa hai ulipoandika barua ya kwanza. Alikuwa hai hata ulipoandika ya pili, ile ya kunifundisha kuwa nina haraka.

Mashine nimeizima. Nimemwambia Matroni haifai, tunaosha kwa mkono na maji tunachemsha kwenye masufuria. Bati nimelirudisha kama lilivyokuwa na sijamwambia mtu kilichomo. Mkaguzi anakuja tarehe 13, ametuma taarifa. Barua hii itakufikia Alhamisi, lori linarudi Ijumaa, Jumamosi liko hapa. Muda unao. Mwandikie Matroni, mwenyewe, kwa jina lako. Usiniandikie mimi.

Dada yako

*

Kambini
Alhamisi, 5 Machi

Dada yangu,

Nimeipokea saa sita na sijala.

Ni kweli. Nilijua tangu barua yako ya kwanza, tangu uliposema sahani zinatoka zimelowa.

Nilipofungua mwezi wa Juni koili moja ilikuwa imekufa. Ya kubadilisha haikuwepo mjini, wangengoja wiki tatu. Na zile mbili zilizobaki zilikuwa zinapasha pole pole, dakika ishirini na tano kila mzigo. Wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu unafuta machozi kwa aproni. Matroni alikuwa ameniahidi barua ya sifa siku hiyohiyo mashine ikiwaka, na kambi ilinitaka nifike Jumatatu. Nikasema niunganishe tu, maji yatafika sitini na kitu, ni moto wa kutosha, nikipata koili narudi naiweka, hakuna atakayejua. Nilikusudia kurudi. Baadaye koili ya pili ikaungua, sijui lini, na taa haikuwaambia kwa sababu nilikuwa nimeshaiziba mdomo.

Nilifanya kwa ajili yako uwahi kwenda kwa Mama. Najua hilo halisaidii.

Mwalimu sikuwahi kumwona. Tangu saa sita nasikia tu hilo la mkuu wa idara ya maji.

Nimejaribu kumwandikia Matroni. Nimeandika "Mheshimiwa Matroni" mara sita na kuchana mara sita. Kwako naweza kusema, kwake mkono unakataa. Kwa hiyo nakuandikia wewe kila kitu, na sahihi yangu nimeitia chini. Mpe barua hii ukiona inafaa. Nakuachia. Uamuzi wowote utakaofanya nitaukubali na sitakulaumu.

Mdogo wako

*

Nyumbani
Jumanne, 10 Machi

Bisibisi,

Ona juu hapo nilipoandika. Ni nyumbani, si jikoni tena. Nimemwaga unga, kazi sina.

Mkaguzi hakungoja tarehe 13. Alikuja Ijumaa saa tatu asubuhi bila taarifa, na fundi wake. Walikwenda moja kwa moja kwenye bati la kushoto. Fundi alimulika, akacheka kidogo, akasema, "Aliyefunga hapa ana mkono mzuri sana." Nilitaka ulijue hilo, wewe unapenda sifa.

Nikasema palepale. Nikasema hiyo ni kazi ya mdogo wangu, na mimi niliiona Alhamisi ya wiki iliyotangulia, na nikanyamaza siku nane nikimngoja aseme mwenyewe. Nilieleza uzi, nilieleza fundo, nilieleza habari za marehemu Baba. Mkaguzi alikuwa anaandika. Matroni akatoa daftari kabatini akaliweka mezani. Akasema, "Mdogo wako aliiacha nzima. Nilisimama hapa akanionyesha taa. Tangu siku hiyo anayeshinda na mashine ni wewe, na 82 hizi zote ni mkono wako. Ulikuwa unalalamika inakuchelewesha, jiko zima lilikusikia." Na ile barua ya sifa ni yeye aliyeiandika, mdogo wangu. Kusema wewe ndiye ni kusema yeye alisifia uongo. Nilimwelewa hata nilipokuwa namchukia.

Barua zako mbili nilikuwa nazo mfukoni. Nikazitoa. Mkaguzi akasoma, akaona siki na vitundu na onyo la umeme. Akasema ni ushauri mzuri wa fundi, na kwamba uliniambia nisifungue, nami nikafungua. Lile la kutokutaja akasema ni la mtu anayelinda kazi yake, tena umeandika mwenyewe kwamba huna kosa.

Hapo nikafanya kosa langu. Nikasema, "Mwiteni mama yetu. Yuko hapa hapa. Ameishi na fundo hilo miaka arobaini, analijua kuliko mimi." Nilikuwa na hakika kabisa.

Muuguzi akamleta pole pole na fimbo yake. Wakamkalisha. Fundi akazikata zile waya zikiwa na fundo lake, akampa mkononi. Mama akazipapasa kwa dole gumba, kama alivyokuwa akipapasa mshono wa kiatu kabla Baba hajamkabidhi mteja. Akauliza, "Aliyefunga hivi atafanywa nini?" Mkaguzi akamwambia huenda akaacha kazi, na huenda akashtakiwa, kuna mtu amekufa. Mama akaniangalia. Aliniangalia muda mrefu, na sikuona hasira hata kidogo. Kisha akasema, "Hili ni fundo la binti yangu. Baba yao alimfundisha yeye kwanza."

Hilo la pili ni kweli. Alinifundisha mimi kwanza. Mimi ndiye niliyekufundisha wewe.

Sikubisha. Ningesema nini? Mama ni mwongo? Mbele ya mpishi na wasaidizi wangu? Nilivua aproni nikaikunja. Matroni alisema Mama hana kosa, atabaki na chumba chake. Mimi ninaruhusiwa kumwona kama wageni wengine, Jumapili, saa nane mpaka saa kumi. Kuhusu kushtakiwa wataniita.

Barua yako ikafika kesho yake, Jumamosi. Dereva aliniletea mpaka mlangoni anatabasamu.

Nimeisoma. Unasema nimpe Matroni nikiona inafaa. Unaniachia. Hata kukiri kosa lako umenituma mimi, kama ulivyonituma uzi, kama ulivyonituma chai! Nikiipeleka mimi, nitakuwa nimemwanika Mama kwamba alisema uongo, tena nimemwanika kwa mkono wangu. Hilo sitalifanya. Lakini wewe ukiipeleka, unakuwa umemwokoa. Atasema alikosea, macho ni ya uzee, watu watamwonea huruma na yataisha. Tofauti ni mkono gani umeishika bahasha.

Kwa hiyo nairudisha, imo humu. Hakuna cha kuandika upya, maana umeandika vizuri. Futa 'Dada yangu' hapo juu, weka jina la Matroni. Anwani unaijua.

Sina hasira kama unavyofikiri. Nimechoka tu, na vidole vyangu bado vinanuka siki.

Dada yako

*

Nyumba ya Wazee, chumbani kwangu
Jumapili, 22 Machi

Mwanangu,

Nimeandika mwenyewe, usicheke mwandiko. Muuguzi alitaka kunishikia kalamu nikamkatalia, kwa sababu ya mambo yaliyomo.

Bahasha yako nimeipata jana. Ndani nimekuta barua yangu, na bahasha nyingine uliyoibandika, ya Matroni. Umesema nimpe mkononi kwa kuwa barua za ofisini hupotea. Lori lililoniletea mimi lingemletea na yeye. Ofisi yake iko mlango wa nne kutoka hapa.

Sikumpa. Nimeifungua nikaisoma nikiwa nimefunga mlango, umekiri yote, kisha nimeichana vipande vidogo na kuvimwaga chooni. Ilibidi nivute maji mara mbili.

Usinishukuru. Nilisema lile fundo ni la dada yako kwa sababu wewe ukianguka hunyanyuki, nakujua tangu unatambaa, na yeye hunyanyuka. Kila kitu kizito nyumbani nilimbebesha yeye, na alibeba. Nilipolishika nilijua ni la kwako. Wewe huzungusha uzi ukiuvuta sana mpaka unakikata kidogo kile unachokifunga, kiwe ngozi au waya. Baba yako alikuwa anakugombeza kwa hilo.

Amekuja leo saa nane. Amenikata kucha. Ameniletea sabuni na soksi. Nilingoja aniulize, nilikuwa nimejiandaa kumjibu kwa ukali, lakini hakuuliza. Saa kumi ilipofika alichukua kikombe changu, akakiosha kwa maji ya birika, akakinusa, akakifuta, akakirudisha mezani. Nikamwambia mashine wameshaitengeneza, wameweka koili tatu mpya na kile kikopo chake, inangoja maji yachemke ndiyo inasuuza. Akasema, "Najua, Mama." Halafu akakiosha tena.

Sasa nikuulize na mimi. Ungetaka Matroni aisome, ungeandika jina lake juu ya bahasha ya nje. Ulinitumia mimi kwa sababu ulijua sitampa. Ulijua, mwanangu, na ukanituma.

Hapa wageni bado wananiuliza kama ile mashine ameitengeneza mwanangu. Nawaambia sina habari za mashine. Kiti changu nimeomba kihamishwe, nimekiweka dirisha la upande wa pili.

Kula vizuri.

Mama yako